Simu Ina Mtu

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, bega limepona, na upepo wa huko juu haukupigi sana. Mimi sijambo, ila macho yananiwasha kwa kukodolea kioo cha kompyuta kutwa nzima. Shangazi hajambo, na mdomo wake ndio haujambo kabisa. Baba anakula, anatembea, hana homa. Habari zake nyingine zitafuata, maana ndizo zilizonikalisha hapa na kalamu.

Najua ukiiona bahasha utacheka na kuuliza kama Kasuku kaishiwa vocha. Sijaishiwa. Nimekinai maneno mafupi tu. Tangu nianze kazi hii mpya nasoma "sawa", "haya", "bado" na "poa" mpaka jua linapoondoka dirishani, na nikilala nayaona yanaelea kama mapovu ya sabuni. Nayakimbilia, nikiyagusa yanapasuka, na ndani hamna kitu. Nikasema jamani, ngoja nimwandikie kaka yangu sentensi ndefu zenye kichwa na mkia, angalau nipumue.

Tena lipo jambo nataka kukuomba, na linakuhusu wewe na baba. Tafadhali usiikunje barua hapa. Sijasahau uliyoniambia siku ile ulipojitoa kwenye kundi letu la nyumbani. Ulisema miaka yote hii kila asubuhi unaandika "Napanda" kabla ya kuukwea mnara wa simu, na kila jioni "Nimeshuka", na baba hajawahi kukurudishia hata "kazi njema". Ulisema ukiandika umeshuka, yeye anaanzisha habari za mbuzi wa jirani kana kwamba hukusema kitu. Na siku uliyotuandikia kwamba umefanywa msimamizi wa mafundi wenzako, mimi nikakumiminia hongera mpaka simu ikakwama, na yeye akasoma, akanyamaza. Ukasema umechoka kuuandikia ukuta, na nyumbani kwake hukanyagi tena. Sikuwa na la kukujibu. Mama ndiye aliyekuwa mkalimani wa baba, na tangu atutoke kila mmoja wetu anamtafsiri anavyoweza. Sasa nadhani jibu ninalo, lakini limenijia kwa kuzunguka, kupitia kwa watu wanaofua mashuka, kwa hiyo nivumilie.

Nilikuambia nimepata kazi hospitali, ukaniuliza toka lini mtu aliyesomea lugha akachoma watu sindano. Sichomi mtu. Nasoma ujumbe mfupi ambao wafanyakazi hutumiana kwenye makundi yao ya kazi, nitazame wanavyoelewana. Wenyewe waliambiwa wakakubali, siwachungulii dirishani. Ipo programu inayonisaidia, au mimi ndiye ninayeisaidia, sijui. Kila ujumbe inaupa rangi: kijani ukiwa na upendo, njano ukiwa vuguvugu, nyekundu ukiwa baridi. Mwisho inalipa kundi zima rangi yake. Watu wa jikoni walitoka kijani kama majani ya masika, maana hao hata chumvi ikiisha wanaitana wapenzi. Wauguzi wakatoka njano. Wa chumba cha kufulia wakatoka wekundu, yaani pilipili ina nafuu.

Meneja wetu ni mtu mwema, ana tabasamu la kudumu na anapenda mikutano kuliko chakula. Aliniita akaniambia timu ile imepoa kama chai ya jana. Alisema wahenga hawakukosea, kimya kingi kina mshindo mkuu, basi kabla mshindo haujalia ameamua kuwatawanya, mmoja aende jikoni, mmoja bustanini, mmoja gereji ya magari ya wagonjwa. Alichotaka ni ripoti tu kutoka kwa mtaalamu wa lugha, yaani mimi, isemayo kwamba hawapatani. Nikasema nitasoma kwanza. Akasema nisome, lakini nisizame.

Kaka, nilizama. Meza yangu iko ghorofani, na dirisha linatazama paa la chumba cha kufulia. Mvuke wao unapanda kutwa, unapita kwenye kioo polepole, mweupe, na mimi nyuma yake nasoma maneno yao. Kuna saa nilikuwa sijui kama nasoma ama naota. Neno linatokea, mvuke unapita, neno limekwenda. Nilikuwa nafikiria hata hayo maneno lazima yapite kwenye minara kama yako ndipo yafike, na pengine wewe uko juu ya mmojawapo na kamba kiunoni, na "sawa" ya mtu inakupita sikioni kama mbu.

Walioandika sana ni watatu. Yupo Mama Mvuke, mlinzi wa boila, anayekaa chumba cha nyuma na kushika koki kubwa ya mvuke. Yupo Fundi, wa mashine za kufulia. Na yupo kijana mwembamba wanayemwita Sindano, maana ndiye pekee anayeenea kwenye kichochoro cha mabomba nyuma ya mashine, na kazi yake ni kusafisha machujio yanayoziba nyuzi za mashuka. Yule Sindano ndiye aliyenitia huzuni. Mara kadhaa kwa siku aliandika neno moja, "Nipo", na hakuna aliyemjibu. Hakuna hata mmoja! Programu ikaandika pembeni ya jina lake kwamba huyu ametengwa. Mimi nikakuona wewe, kaka. Nikaona mtu anasimama mlangoni mwa nyumba iliyojaa watu anasema nipo, nipo, na wote wamempa kisogo.

Mama Mvuke ndiye niliyemchukia. Siku moja Fundi aliandika "Sindano katoka", taarifa tu ya kawaida, na yule mama akamjibu "Yeye." Basi, neno moja na nukta. Programu ikalipaka jekundu la mwisho. Na mimi nikajisemea, loo, mama huyu ana roho ya korosho, hata habari ya mwenzake hataki kuisikia kwa mdomo wa mwingine.

Nikashuka niwaone kwa macho. Ukiingia mle unatembea ndani ya wingu. Mashuka yananing'inia meupe mpaka darini, mtu anatokea katikati yake, anakuinulia kidevu, anapotea. Mashine zinaunguruma, wote wana vizibo masikioni, ukiita mtu huitikiwi hata ukimwita kwa baragumu. Mama Mvuke yuko upande wa pili wa ukuta na mlango wake hufungwa joto lisitoke, ndiyo maana wanaandikiana. Nilimvuta Sindano nje, nikamuuliza kwa upole, kama mtu anayemuuliza mgonjwa, ile "nipo" yake ana maana gani. Akanitazama akacheka. Akasema akisema yupo, yupo tu, kwani angesema hayupo? Nikamuuliza kama hajisikii vibaya kukosa majibu. Akasema majibu ya nini, dada, na akarudi zake mawinguni. Nikaandika kwenye karatasi yangu kwamba amekata tamaa. Mtaalamu mzima!

Meneja hakuwa na subira ya kungoja ripoti. Programu ilimshauri, naye akatoa agizo: kuanzia Jumatatu kila ujumbe ujibiwe, na ujibiwe kwa neno la upendo. Ungekuwepo ungecheka ukalia. Watu waliokuwa wakisema "haya" sasa wakaanza "haya mpendwa wangu, nimekupata, ubarikiwe". Fundi akimwomba mtu bisibisi anapewa maua na mioyo myekundu. Mtu akiandika sabuni imeisha, anapokea pole kama kafiwa. Kundi likageuka kijani siku ile ile, na Meneja akanipitia mezani akisugua mikono.

Kisha ukaja mchana mmoja, mke wa dereva wa gari la mashuka akajifungua salama, dereva akalitangaza kundini. Wewe wacha! Hongera zikamiminika, dua, vigelegele vya kuandika, picha za vitoto. Mimi nilikuwa kule chini nikipima shati la kazi walilonipa, hivyo niliyaona kwa macho yangu. Katikati ya zile hongera Sindano alikuwa ameandika "Nipo", akaingia kwenye kichochoro. Neno lake likapanda juu ya kioo, likasukumwa, likapotea. Kule nyuma, kama alivyotusimulia baadaye, Mama Mvuke akachukua simu yake atazame. Akakuta "Mungu amkuze", chini yake "Amina", chini yake mtoto wa katuni anayecheka. Akaweka simu, akashika koki, akaanza kuifungua apulize mabomba kama afanyavyo kila siku. Na kaka, yale mabomba yanapulizia ndani ya kichochoro.

Nilisikia mlio mmoja kama ng'ombe anayeamka. Sindano akachomoka kwa kurudi nyuma, kofia haipo, bega limelowa, macho yamemtoka. Hakuungua. Mvuke ulikuwa ndio unaanza, na alikuwa karibu na mlango. Alikaa juu ya lundo la mashuka akitetemeka, Fundi akamkumbatia, mashine zikazimwa, na kwa mara ya kwanza nikasikia chumba kile hakina sauti. Mama Mvuke akaja mbio, akamwona, akakaa sakafuni pale pale, akalia kama mtoto. Kisha Sindano akatoa simu mfukoni, watu wote wamemzunguka wanamtazama kwa macho, na bado akaandika "Nimetoka". Simu zote zikalia mifukoni mwao. Mama Mvuke akaitoa yake, akasoma, akaitikia kwa kichwa, ndipo akapangusa uso.

Kumbe! Wote walikuwa wakimwona katoka, na bado lilikuwa halijaisha mpaka aseme yeye.

Asubuhi yake nilirudi kwenye ujumbe wao wa zamani. Ujue, programu huniletea maneno yakiwa yamepangwa kwa mtu na kwa rangi, ya Sindano huku, ya Mama Mvuke kule, kama nguo zilizokunjwa kabatini. Nami nilikuwa nasoma hivyo hivyo. Siku ile nikayarudisha yalivyotumwa, moja baada ya jingine kwa saa yake, nikaacha kusoma maneno nikatazama nafasi katikati ya maneno. Mvuke ulikuwa unapita dirishani, chumba kimya, na nikaliona. Wanapiga soga: nani kachukua kikombe changu, mpira jana umeuona, mguu unaniuma. Kisha "Nipo". Kisha hakuna. Hakuna utani, hakuna swali, hakuna sabuni imeisha, tupu kabisa. Kisha "Nimetoka", na hapo hapo soga zinarudi kama maji yaliyokuwa yamezibwa: kikombe changu mnakirudisha au hamkirudishi? Siku zote, ukiondoa ile moja ya "Sindano katoka". Mtu akiwa ndani, hakuna anayegusa kundi, ili neno la mwisho kwenye kioo cha Mama Mvuke liwe la yule aliye ndani. Walikuwa wanamwachia njia.

Na ile "Yeye" ya Mama Mvuke, kaka, nikaielewa, nikaona aibu na nikafurahi vyote kwa pamoja. Fundi alisema Sindano katoka. Yule mama akasema hapana, aseme yeye. Habari ya mtu aliye ndani haipokewi kwa mdomo wa mwingine, maana mwingine anaweza kukosea.

Nilipomweleza Meneja alisugua paji la uso sana, kisha akaitisha mkutano, nilijua tu ataitisha. Akawauliza ni lini waliweka sheria hiyo. Mama Mvuke akasema wao hawana sheria yoyote, nani kasema wananyamaza, labda huwa wana kazi tu. Fundi akabisha kwamba yeye huandika wakati wowote anaotaka. Nikawaonyesha. Fundi akatazama karatasi, akaigeuza, akatazama tena, akasema ebo, hata siku ya fainali? Hata siku ya fainali. Walicheka mpaka wakashikana mabega, walikuwa hawajijui. Taa nyekundu ya mlangoni, iliyoonya kwamba mtu yuko ndani, iliungua zamani, wakazoea kuandika, na mengine yalijipanga yenyewe, kama watu wa nyumba moja wanavyojua nani hulala upande gani. Sindano ndiye aliyesema hakuwahi kulifikiria, lakini mle ndani mna giza na joto, na simu isipotikisika mfukoni huwa anajisikia ameshikwa mkono. Wiki ile ya mapendo, akasema, simu ilikuwa inatikisika, inatikisika, na aliogopa bila kujua anaogopa nini.

Agizo lilifutwa, taa ikatengenezwa, na timu haikutawanywa. Meneja sasa anahubiri mikutanoni habari ya ukimya wenye tija na kusema aliuona toka mwanzo. Mwache, ni mwema.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo kwenye barua yenyewe.

Ile karatasi ya Mama Mvuke na wenzake iliponikaa kichwani, niliingia kwenye basi narudi chumbani kwangu, nikafungua simu nisome vichekesho vya baba vya jioni nicheke kidogo. Unavijua, jirani kafungia mbuzi, mbuzi kala kamba, mbuzi kaingia kwenye kipaimara cha watu, sijui anavitoa wapi. Sikukuta kipya. Nikapandisha juu nitafute cha mwisho, nikajikuta natazama nafasi. Kaka, kichekesho cha mbuzi huja chini ya "Nimeshuka" yako. Kila siku. Wewe unaandika umeshuka, na hapo hapo mzee anaanza na mbuzi. Nikarudi asubuhi. Unaandika "Napanda", na baba hakuna. Si kwamba hakujibu wewe tu. Hakuna kabisa. Hajawahi kuniuliza hata nimekula nini mchana, si kundini, si kwangu peke yangu, miaka yote hii. Anazungumza asubuhi kabla hujapanda na jioni ukishashuka.

Jumapili nikaenda nyumbani. Shangazi, aliyekuwa amekuja kumpikia baba, ndiye aliyenipokea uani, na alinipokea kwa mashtaka. Alisema kaka yake kamchukia, siku hizi hamtumii hata salamu ya jioni, na wala hapokei akipigiwa. Nikamuuliza toka lini. Akasema toka siku ile alipokuja kwake kwa miguu, jua la utosi, jasho linamtiririka, kumwambia kwamba mwanawe kafanywa msimamizi wa mafundi. Alisema baba alisimama mlangoni hakutaka hata kuketi, meno yote thelathini na mawili yako nje, akarudia mara ngapi sijui, msimamizi, mwanangu msimamizi. Shangazi akamtania: mwendo wote huo, simu kaiuza? Si angepiga? Na baba akamjibu kwamba simu ina mtu.

Shangazi hakuelewa. Alidhani mtu mwingine kaiazima. Mimi, kaka, nikakumbuka kisima.

Unakumbuka tulivyokuwa tunampelekea baba chakula kisimani alikokuwa akichimba? Wewe unabeba sufuria, mimi nabeba mdomo. Nafika naimba, na wale wote walioshika kamba wanageuka na kidole mdomoni. Kama ni mwenzake aliyeko chini, baba anakuwa kwenye kamba, haitikii hata salamu, anatutazama tu na kunong'ona: kisima kina mtu. Nikawa nadhani kila kisima kina mtu anayeishi humo, nikakataa kuchota maji peke yangu mpaka mama akanichapa. Hakukuwa na soga pale, hakukuwa na pole wala kazi njema, kwa sababu aliyeko chini akigonga ndoo lazima asikiwe. Na akishatoka, hakuna aliyempongeza. Walimpa maji, wakacheka, wakaanza habari za mbuzi.

Mzee yule alishuka ardhini maisha yake yote, kisha akapata mtoto anayepanda angani. Siku ulipomuaga ukamwambia unakwenda minarani, akasema "Haya", nawe ukaondoka umevimba. Akachukua simu, akaifanya kisima, akashika kamba. Anaishika mpaka leo.

Maana sasa tazama, kaka. Ile siku yako ya furaha uliandikaje? Uliandika: "Nimefanywa msimamizi. Napanda." Yote kwenye ujumbe mmoja. Ungemwambia jioni, ukiwa chini, angekuandikia mbuzi mpaka ukome. Ulimwambia ukiwa unapanda, akafunga mdomo kama alivyofunga siku zote, akaenda kusema kwa miguu kwa dada yake. Mimi Kasuku ndiye niliyepiga kelele kisimani na hongera zangu. Na wewe, huko huko juu, ukatazama simu, ukaona kimya chake, ukajitoa kwenye kundi. "Nimeshuka" hukuandika.

Hukuandika, kaka. Toka siku ile hukuandika.

Niliingia ndani. Baba yuko kwenye kile kiti cha kamba karibu na dirisha, redio imezimwa, simu iko mezani uso juu, imechomekwa kwenye chaji. Nuru ya alasiri ilikuwa inamwangukia begani, na kwa kitambo nilidhani amelala macho wazi. Nikamwamkia, akaitikia vizuri, akaniuliza kazi, lakini hadithi hakuanzisha. Nikanyoosha mkono kuisogeza simu niweke chai, akaishika kwanza. Akasema niiache, ujumbe usije ukampita. Nikamwambia, baba, kaka hajambo, nimeongea naye wiki iliyopita, yuko mzima, anafanya kazi. Nilidhani nampa dawa. Akatabasamu, akanipiga kofi dogo la mapenzi mkononi, na akasema amesikia, ahsante, lakini aliyepanda ndiye hutangaza kushuka.

Nilitoka uani nikajifanya natazama nguo zilizoanikwa. Mashuka yalikuwa yanapepea, nami nikalia nyuma yake asinione.

Anajua uko hai, hajachanganyikiwa. Lakini mkono wake haujui. Uko kwenye kamba tangu siku ile, na hakuna mwingine anayeweza kuutoa, si mimi, si shangazi, wala si kwa barua ndefu namna hii. Kwa baba wewe bado uko juu.

Ombi langu ni hili. Leo asubuhi nimekuingiza tena kwenye kundi la nyumbani. Sikuombi umsamehe, wala uje, wala umpigie, hayo ni yako na yake. Ukitaka kujitoa tena, jitoe. Ila kabla hujajitoa, simama chini, miguu yote miwili kwenye udongo, uandike lile neno moja unalolijua. Kisha subiri kidogo, usizime simu.

Basi kaka, karatasi imeisha na kidole kimeota sugu. Nisalimie mafundi wako, uwaambie wakutii lakini wasikuogope. Shangazi anakusalimu sana na anauliza lini utaoa, nimekufikishia ili nisidaiwe. Za baba sikuletei, hakunituma, na sasa unajua kwa nini. Mimi mwenyewe, nikishaitia barua hii posta, kundini siandiki kitu. Kasuku ananyamaza mpaka ushuke.

Jambo dogo nimelisahau. Mbuzi wa jirani kazaa mapacha, mmoja mweusi, mmoja ana masikio meupe, na wamekwisha kula mkeka wa kuanikia wa shangazi. Baba yupo kila siku dirishani pale, anawaona, na hajamwambia mtu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Kasuku